Maegesho Nayo ni Mahali pa Kazi

Kila mwajiri anayenialika kuangalia hali ya usalama katika ghala au kiwanda chake hunipeleka kwanza kwenye mashine. Hunionyesha kinga ya msumeno, mitungi ya kuzimia moto iliyopangwa ukutani na sanduku la huduma ya kwanza, na ana haki ya kujivunia vitu hivyo. Mahali ambapo karibu kila mara huomba mwenyewe kupelekwa ni uani: pale ambapo malori hupiga rivasi kuelekea kwenye rampu, magari ya wafanyakazi yameegeshwa chini ya miarobaini, bajaji iliyoleta vipuri inatafuta pa kugeuzia, na watu wa kila aina wanakatiza kwa miguu katikati ya hayo yote. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu katika maghala ya kandokando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na nimefikia msimamo ambao ningependa kuueleza hapa kwa kirefu. Mtu anayegongwa na gari uani mwa kazi, mara nyingi hakugongwa kwa kukosa umakini. Amegongwa kwa sababu uwanja uliachwa bila kupangwa, yeye na gari linalorudi nyuma wakawa hawana njia ya kukwepana.

Katika ghala moja ambalo sitalitaja, utingo alibanwa kati ya mkia wa lori na ukingo wa rampu, akavunjika nyonga. Alipona baada ya miezi mingi, lakini kazi ya kubeba mizigo hakuiweza tena. Taarifa ya ajali iliyoandikwa na ofisi ilikuwa na sababu moja tu: uzembe wa majeruhi. Nilipokwenda kuuona uwanja wenyewe nilikuta kwamba choo pekee cha madereva na matingo kilikuwa upande wa pili wa njia ya malori, na njia fupi ya kukifikia ilipita nyuma kabisa ya rampu. Watu wote wa uwanja ule walipita pale kila siku, wakiwamo waliosaini taarifa. Neno "uzembe" lilifunga jalada na kukiacha choo mahali pake, na wenzake wakaendelea kupita palepale alipoumia mwenzao.

Uingereza ina utaratibu wa kutangaza kila mwaka idadi ya waliokufa kazini pamoja na sababu zake. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, mamlaka yao ya afya na usalama kazini, HSE, ilihesabu wafanyakazi 138 waliopoteza maisha, na 25 kati yao waligongwa na gari lililokuwa likitembea. Ni kuanguka kutoka mahali pa juu peke yake ndiko kuliua wengi zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hesabu hiyo haijumuishi ajali za barabara za umma. Inahusu viwanja vya ujenzi, mashamba, maghala, yadi na sehemu nyingine za kazi, katika nchi ambayo imekuwa na wakaguzi wa viwanda tangu mwaka 1833. Ikiwa hali ni hiyo huko, sisi ambao malori yetu ni ya umri mkubwa na yadi zetu nyingi hazina hata mstari mmoja wa rangi chini, hatuna sababu ya kudhani kwamba tatizo hili ni dogo kwetu.

Watu wengi huzipuuza ajali za maegesho kwa kuwa magari ya pale huenda polepole. Ni kweli huenda polepole, lakini mtu akishakuwa kati ya bodi ya lori na ukuta wa zege, mwendo hauna tena maana kubwa, kwa kuwa uzito wenyewe unatosha kuponda. Chukua lori linalorudi nyuma kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayetembea, yaani kilomita 5 kwa saa. Mita tatu litazimaliza kwa sekunde mbili hivi, muda ambao hautoshi kwa mtu aliyelipa mgongo, aliyebeba boksi au anayesoma hati ya mzigo, kusikia, kugeuka, kuelewa na kuruka. Kwa gari dogo linaloingia uani kwa kilomita 20 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki huwa amekwisha kupita mita 8 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Akiingia kwa kilomita 10, zinakuwa mita 4. Ndiyo maana kibao cha mwendo getini, kikisindikizwa na tuta, kina thamani kubwa kuliko gharama yake.

Niongeze jambo moja la tiba hapa, maana nimeona likikosewa. Mtu aliyebanwa nyonga anaweza kuonekana hana jeraha la kutisha huku akivuja damu nyingi ndani ya mwili. Asiinuliwe na kusimamishwa ili ionekane kama anaweza kutembea, wala asipakiwe kwenye bodaboda akiwa amekaa. Abaki amelala, nyonga isichezeshwe, afunikwe, na apelekwe hospitali akiwa hivyohivyo.

Dereva wa lori haoni kama anavyodhani anayetembea kwa miguu. Vioo vya pembeni vinamwonyesha ubavu wa gari na sehemu ya uwanja, lakini moja kwa moja nyuma ya bodi au kontena hakuna kioo kinachofika. Mbele ya kichwa cha lori refu, chini ya kioo kikubwa, kuna eneo ambalo mtu mzima aliyesimama karibu anaweza kupotea kabisa. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo kona ya mbele kushoto ndiyo mbaya kuliko zote. Wajapani walilifahamu hilo, na malori yao ya Fuso na Hino mara nyingi huja na kioo kidogo cha mviringo kilichofungwa kwenye kona hiyohiyo kikitazama chini. Nendeni mkavitazame vioo hivyo katika malori yanayoingia kwenye yadi zenu: vingi vimevunjika au vimebaki chuma kitupu, na hakuna anayevirudishia kwa sababu lori linatembea vizuri bila ya hivyo. Mambo hubadilika tena anapokuja dereva wa lori lililotengenezwa kwa nchi zinazotumia upande wa kulia wa barabara, kama Kongo, kwa kuwa yeye hukaa kushoto na kona isiyoonekana huhamia kulia. Mlinzi na utingo waliozoea kusimama upande fulani hujikuta wamesimama pasipoonekana.

Kutokana na upofu huo tumezoea kumtegemea mtu wa kuelekeza. Kila mmoja wetu anaifahamu sauti yake: "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, njoo, hapo hapo!" na kofi juu ya bodi la kuashiria kusimama. Ninamheshimu mtu huyu, kwa sababu bila yeye malori mengi yangevunja kuta, lakini ndiye anayesimama mahali pa hatari kuliko wote, tena mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Husimama nyuma ya gari mahali asipoonekana kiooni. Hurudi kinyumenyume bila kuona kilicho nyuma yake. Na watu wanne wanaopita njia hujiunga naye kila mmoja akipiga kelele zake, dereva asijue amsikilize nani. Kanuni inayofaa ni fupi na haihitaji fedha: mwelekezi awe mmoja, avae riflekta, asimame pembeni mahali ambapo uso wake unaonekana katika kioo cha dereva, na dereva akimkosa kiooni kwa hata muda mfupi asimamishe gari palepale mpaka amwone tena. Kanuni hii ya mwisho ndiyo yenye kuokoa mguu na uhai, na ndiyo ngumu kuzoeleka, kwa kuwa inamtaka dereva mwenye haraka aamini kwamba kutoonekana kwa mtu ni ishara ya kusimama.

Kuna sababu nyingine ya ajali ambayo sikuikuta katika miongozo ya Ulaya niliyosoma, nayo ni kivuli. Saa saba mchana katika yadi ya Dar es Salaam, zege huchoma hata kupitia kandambili, na kivuli pekee kilichopo kwa dereva na utingo waliosubiri zamu ya kushusha tangu alfajiri ni kile kilicho chini ya tela. Hutandika kipande cha boksi au mkeka kati ya matairi, wengine hufunga bembea ya kamba chini ya chesisi, wakalala. Mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Tunduma hawezi kulaumiwa kwa kutafuta usingizi. Hatari inakuja pale mtu mwingine, labda dereva wa yadi aliyepewa funguo ili asogeze lori kupisha lingine, anapopanda na kuwasha bila kujua kwamba kuna mtu chini. Kuzunguka gari na kuinama kutazama chini kabla ya kuwasha ni lazima, nami huwasisitizia madereva wote. Lakini wajibu wa mwenye uwanja uko juu zaidi ya hapo: ajenge banda. Mabati machache, mabenchi, maji ya kunywa, sehemu ya kuchajia simu na choo kilicho upande uleule, mbali na njia ya magari, vitawatoa watu chini ya matela haraka kuliko bango lolote la "Ni Marufuku Kulala Chini ya Gari". Nimeona bango la namna hiyo limebandikwa, na waliolala walikuwa chini ya lori lililokuwa mbele yake.

Chakula nacho ni vivyo hivyo. Mama lishe anayeruhusiwa kuingia na ndoo zake saa sita hugeuza kona yoyote kuwa mkahawa, na watu thelathini hukusanyika pale aliposimama, hata kama ni nyuma ya gari linalotaka kutoka. Kumfukuza ni ukatili na pia ni kazi bure, kwa kuwa watu lazima wale. Mpeni mahali maalumu karibu na lango la waenda kwa miguu, palipozungushiwa vizuizi, nanyi mtakuwa mmeuhamisha mkusanyiko wote kwa siku moja.

Nikiulizwa nianzie wapi katika uwanja mpya, nasema tuanze kwa kuangalia tu. Nasimama ghorofani au juu ya ngazi kwa saa moja wakati zamu zinapobadilishana, nikiwa na karatasi yenye ramani ya uwanja, nachora kwa rangi moja mahali watu wanapopita na kwa rangi nyingine mahali magari yanapopita. Baada ya saa hiyo karatasi inaonyesha zile sehemu tatu au nne ambapo mistari inakatana kwa wingi, na ndipo fedha inapopaswa kwenda. Watu hupita njia fupi. Nyasi zilizokufa na vumbi lililokanyagwa huonyesha njia hiyo, na mchoraji wa mistari anayeipuuza atakuwa amepaka rangi kwa ajili ya picha. Mvua nayo huifuta mipango mizuri, kwa kuwa watu hukimbilia kwenye paa lililo karibu bila kutazama, hivyo njia ya miguu iliyoezekwa itatumika, na isiyoezekwa itaachwa masika yakianza.

Dawa kubwa kuliko zote ni kuliondolea gari haja ya kurudi nyuma. Ikiwa uwanja una upana wa kutosha, magari yaingie kwa lango moja, yazunguke upande mmoja na kutoka kwa lango la pili, na yale ambayo lazima yapige rivasi kwenye rampu yafanye hivyo katika eneo lililofungwa kwa minyororo au mapipa yaliyojazwa zege, ambamo hakuna mwenda kwa miguu anayeruhusiwa isipokuwa mwelekezi. Lango la watu litengane na lango la magari. Ninajua viwanja vingi vya Vingunguti na Chang'ombe ni vyembamba na vina lango moja tu, na hapo ndipo muda unapokuja kutusaidia pale nafasi iliposhindwa: malori yasiingie wala kutoka katika nusu saa ambayo wafanyakazi wanaingia au kutoka. Hilo halina gharama zaidi ya mlinzi mwenye saa na mamlaka ya kulikatalia lori. Nasisitiza mamlaka, kwa sababu mlinzi anayejua kwamba akilizuia lori la mteja mkubwa ataitwa ofisini kukaripiwa hatalizuia, hata kanuni iwe imeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

Kwenye rampu yenyewe kuna ajali ya aina nyingine, ya dereva kuondoka akidhani upakiaji umekwisha huku mwendesha fokolifti, yaani gari la kuinulia mizigo, au mbebaji akiwa bado ndani ya bodi. Namna nyepesi ya kuizuia ni funguo za lori kukaa kwa karani wa ghala tangu milango inapofunguliwa hadi inapofungwa, na matairi kuwekewa kabari. Jiwe lililookotwa pembeni si kabari. Huteleza au hupasuka.

Kuhusu vifaa vya kielektroniki, ninavithamini lakini siviwekei imani yote. Marekani ililazimisha magari mapya yote madogo kuwa na kamera ya nyuma kuanzia Mei 2018, kwa sheria iliyopewa jina la mtoto wa miaka 2 aliyegongwa nje ya nyumba yao na gari lililokuwa likirudi nyuma. Magari yetu mengi ni mitumba ya miaka ya kabla ya hapo, na kamera ikiwapo huwa imejaa matope. King'ora cha rivasi nacho kina kasoro yake. Malori mengi yaliyotoka Japani hutangaza kwa sauti ya mwanamke, kwa Kijapani, kwamba gari linarudi nyuma na watu wachukue tahadhari. Kila mtu yadini anaijua sauti hiyo ingawa haelewi maneno, na kwa kuwa huisikia kutwa nzima kutoka kwa magari matano kwa pamoja, sikio lake huacha kuishughulikia. Mtu anayesikia ving'ora kila upande hawezi kutambua ni kipi kinachomhusu. Hapo tunarudi kwenye mpangilio wa uwanja: kupunguza idadi ya magari yanayorudi nyuma kwa wakati mmoja ndiko kunakokipa king'ora maana yake.

Maegesho ya ofisi, benki na hospitali yana hatari ndogo kwa sura, lakini nako wahudumu wa usafi, walinzi na wafanyakazi wanaofika saa kumi na mbili alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri hugongwa. Huko ninashauri jambo moja kuliko yote: gari liingie kwenye nafasi yake kwa kurudi nyuma, na litoke kwa mbele. Asubuhi dereva ametoka kuliona eneo lote akiwa anakuja, na nafasi anayoingia haina mtu. Jioni, watu wanapomiminika kutoka, atakuwa akiwatazama kwa kioo kikubwa cha mbele. Tena taa za maegesho ziwake mpaka kuwe kweupe kabisa, na mlinzi asisimame katikati ya njia anapofungua lango, maana kuna madereva wanaopiga honi huku wakiwa wameshaanza kuingia.

Sheria haituachi gizani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa watu katika sehemu ya kazi, na siioni sababu yoyote ya kudhani kwamba sehemu hiyo inaishia kwenye mlango wa ghala. Wawakilishi wa usalama wanaoteuliwa chini ya sheria hiyo wana nafasi ya kuuingiza uwanja katika ukaguzi wao, na ninawaomba wafanye hivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipia matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao (yaani kumsaidia majeruhi kurudi katika hali ya kujitegemea), msaada kwa anayemhudumia mgonjwa, mazishi, na malipo kwa wategemezi, pale ajali inapokuwa imetokana na kazi.

Tatizo ni kwamba uani ndiko walikojaa wale ambao hawamo katika orodha ya mishahara. Kibarua aliyechukuliwa getini asubuhi kushusha saruji, utingo anayelipwa na dereva mfukoni, mama lishe, fundi wa matairi aliyeitwa kwa simu: hao wakigongwa, swali la kwanza linaloulizwa ni walikuwa wanamfanyia nani kazi, na mara nyingi hakuna karatasi inayojibu. Kwa hiyo huwataka waajiri waweke daftari getini, kila anayeingia kwa kazi aandikwe jina, anayemfanyia kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka na namba ya simu ya ndugu, kabla hajavuka mstari wa lango. Familia ya majeruhi itakuwa na ushahidi wa kuanzia, na msimamizi wa zamu ataweza kujua, kabla ya kuliruhusu lori lipige rivasi, ni watu wangapi walio upande ule wa uwanja na wako wapi.